Mwenda Tezi na Omo: Hadhari kwa Wanaozamia kwa Pumzi Moja Penye Meli Iliyozama

Wahenga wa pwani walisema: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni ile sehemu ya ndani, chini kabisa, ambamo maji yaliyovuja hukusanyika kabla ya kutekwa na kumwagwa nje. Maana yake ni kwamba mtu hata azunguke vipi, mwisho wake atarudi pale pale. Methali hiyo iliwafaa mabaharia wa chombo kinachoelea. Lakini kwa mtu anayekitembelea chombo kilicholala chini ya maji, naye hana mtungi wa hewa mgongoni ila pumzi moja tu aliyoivuta juu, methali hiyo yahitaji kugeuzwa. Kwake yeye marejeo ni hewani. Na asiyeyahesabu marejeo hayo kabla ya kuondoka, huenda ngama ikamweka milele.

Kuzamia kwa pumzi moja si jambo jipya. Wapiga mbizi wa Ghuba walitafuta lulu kwa njia hiyo kwa karne nyingi, na wanawake wa Japani na wa Korea wameshuka baharini hivyo hivyo kutafuta kombe na mwani. Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa kujifurahisha. Huvaa miwani ya kuzamia na mapezi marefu miguuni, wakavuta pumzi, wakashuka, wakatazama, wakarudi. Mahali wanapopapenda sana ni penye meli zilizozama katika bahari za joto, kwa kuwa maji yake ni maangavu na baadhi ya meli hizo zimelala katika kina kidogo.

MELI YA TULAMBEN

Mfano mzuri wa mahali pa namna hiyo ni kijiji cha Tulamben, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Hapo imelala meli ya mizigo iitwayo Liberty, yenye urefu wa mita zipatazo 120. Iliundwa Marekani mwaka wa 1918, kwa hiyo isichanganywe na zile meli nyingi za aina ya Liberty zilizoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 11 Januari 1942, ikiwa katika utumishi wa Jeshi la Marekani, ilikuwa ikichukua vifaa vya reli na mpira kutoka Australia kwenda Ufilipino. Karibu na mlango wa bahari wa Lombok ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-166. Manowari mbili, Paul Jones ya Marekani na Van Ghent ya Uholanzi, ziliifunga kamba na kuivuta kuelekea bandari ya Singaraja. Lakini maji yalizidi kuingia, na ilipodhihirika kwamba haitafika, ikapandishwa ufukoni Tulamben ili shehena yake iokolewe.

Ufukoni hapo ilikaa miaka zaidi ya ishirini ikiliwa na kutu. Mwaka wa 1963 mlima Agung ulilipuka, ukaua watu zaidi ya 1,000, na mitikisiko ya ardhi ikaisukuma meli hiyo hata ikateleza na kuingia baharini. Mpaka leo imelala kwa ubavu juu ya mteremko wa mchanga mweusi wa volkeno, makumi machache tu ya mita kutoka nchi kavu. Sehemu yake ya juu i mita 5 hivi chini ya uso wa maji, na ya chini kabisa yafikia mita 30 hivi. Matumbawe yameota juu ya mataruma yake. Makundi ya kolekole huizunguka mchana, na pono wakubwa huja kulala ndani yake usiku. Juu ya ufuko wenye kokoto kubwa za mviringo, wanawake wa kijiji huonekana wakibeba kichwani mitungi ya hewa ya wageni, bila kuyumba.

Ukaribu huo ndio mtego wenyewe. Meli iliyozama mita 60 humtisha mtu, naye huiacha. Meli iliyo mita 5 humkaribisha. Mgeni huitazama kwa juu, huona mwanga ukipita katikati ya mbavu za chuma, akasema moyoni kwamba hapo hata mtoto aweza kufika. Kufika ni kweli, aweza. Kurudi ndiko kunakohitaji elimu.

MLINZI WA LANGO NA AKIBA YA GHALA

Watu wengi hudhani kwamba hamu kali ya kuvuta pumzi, ile inayokaza kifua na kutikisa tumbo, ni dalili ya kuishiwa oksijeni. Sivyo. Hamu hiyo huletwa hasa na kuongezeka kwa kaboni dioksaidi, yaani ile hewa chafu ambayo mwili huitoa. Askari ataelewa upesi akifananisha mambo haya na kambi. Oksijeni ni akiba iliyomo ghalani. Kaboni dioksaidi ni mlinzi wa lango anayepiga kengele. Mlinzi haoni ndani ya ghala. Hupiga kengele kwa hesabu yake mwenyewe. Na ghala likibaki tupu, lenyewe halina kengele ya kutegemewa.

Kutokana na hayo huzuka kosa linaloua waogeleaji hodari kila mahali. Mtu husimama ufukoni akahema haraka haraka mara ishirini au thelathini, akidhani anaongeza oksijeni mwilini. Ukweli ni kwamba damu ya mtu mzima mwenye afya tayari imejaa oksijeni karibu yote inayoweza kuichukua. Kuhema huko huongeza akiba kidogo mno, bali hufukuza kaboni dioksaidi kwa wingi. Ni sawa na kumwondoa mlinzi langoni kisha kujisifu kwamba ghala limejaa. Akishuka, hujisikia mtulivu, hana dhiki yoyote, mpaka fahamu zinapomtoka ghafla.

Jambo la pili ni kanieneo ya maji. Mtu akishuka mita 10, kanieneo juu ya mwili wake huwa maradufu ya ile ya juu. Akifika mita 20 huwa mara tatu. Mapafu yenye lita 6 za hewa husongwa yakawa na lita 3, kisha 2. Kusongwa huko huifanya oksijeni iliyobaki iingie katika damu kwa nguvu zaidi. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 katika kila 100. Ichukuliwe kwamba mzamiaji aliye mita 10 amebakiwa na sehemu 5 tu. Kwa sababu ya kanieneo, sehemu hizo 5 humfaa kama 10, naye bado ana akili zake na ajiona yu salama. Lakini anapopanda, kanieneo hupungua, mapafu hupanuka, na zile sehemu 5 hurudi kuwa 5. Hazitoshi kuushikilia ubongo.

Ndiyo maana wengi hawazimii chini, bali katika mita chache za mwisho, au hata baada ya kichwa kutokeza nje. Na azimiaye hivyo hapigi kelele wala hatapitapi. Hulegea kimya kama aliyesinzia. Aliye ufukoni, asiyejua la kutazama, atadhani mwenzake anastarehe juu ya maji.

MLANGO WA KUINGIA NA MLANGO WA KUTOKA

Baharini mahali pengine, mzamiaji akishikwa na dhiki njia yake ni moja, nayo ni juu. Ndani ya meli juu kuna chuma. Kwa hiyo yafaa achukue mwenendo wa askari mpelelezi, ambaye haingii nyumba asiyoijua kabla ya kuizunguka.

Kwanza, aizunguke meli kwa nje, tezi mpaka omo, akiwa juu ya maji, na ayatazame mawimbi na mkondo. Bahari ikichafuka, msukumo wa mawimbi hufika hata mita 5 na 10, ukamtupa mtu juu ya chuma chenye kutu na ncha kali.

Pili, asipite mahali popote ambapo tangu mlangoni haoni waziwazi mwanga wa mlango wa kutokea. Apatazame kwanza upande wa kutokea, katika mbizi ya peke yake, ndipo arudi juu, apumzike, kisha apite. Upenyo uwe mpana kiasi cha kupita bila kugusa kitu, na uwe mfupi. Vyumba, ngazi za ndani na njia zenye kona si mahali pa mtu wa pumzi moja, hata awe hodari namna gani.

Tatu, atumie mapezi yake kwa upole. Teke moja karibu na sakafu huinua vumbi la kutu na mchanga laini, na mlango uliokuwa wazi hutoweka machoni. Nyavu na mishipi ya wavuvi hunasa kwenye meli zilizozama; kwa hiyo kisu kidogo au mkasi uwe mahali ambapo mkono wowote waweza kuufikia. Kamba au mkoba unaoning'inia mwilini uachwe juu. Mrija wa kupumulia utolewe kinywani kabla ya kushuka.

Nne, chuma cha mwaka wa 1918 kisiaminiwe. Sehemu za meli ya Tulamben zimekwisha kuvunjika na kuporomoka, na bahari ingali ikiendelea na kazi yake. Asishike bamba wala asijivute kwa bomba. Isitoshe, katika meli nyingine za vita mna mizinga na makombora yaliyobaki. Kila askari ajua kwamba risasi haistaafu. Ionekane, iachwe, na wenye mamlaka waarifiwe. Aidha, meli nyingine ni makaburi ya watu, na kaburi halichukuliwi ukumbusho.

Tano, mzamiaji wa pumzi moja asikubali kamwe kuvuta hewa ya mtungi akiwa chini, hata akipewa kwa wema. Lita 6 zilizovutwa mita 10 chini huwa lita 12 juu. Aliyezoea kuzuia pumzi atapanda akiizuia, nayo mapafu yake yaweza kupasuka. Tena aliyezamia kwa mtungi asizamie kwa pumzi moja siku hiyo hiyo.

MTU NA MDOGO WAKE

Ichukuliwe mfano wa mtu na mdogo wake waliokwenda kuzamia penye meli kama hiyo. Wamekubaliana kwamba mmoja akishuka, mwingine atabaki juu, uso majini, akimtazama. Kina ni mita 12, na upenyo wa kupita ni wa hatua chache. Kwa kawaida safari nzima huchukua chini ya dakika moja.

Mdogo mtu ametokea juu na pumzi bado haijamtulia. Amwambia mkubwa wake: "Kaka, nimeona mlango mwingine kule chini. Niache nishuke mara moja tu."

"Umekaa juu nusu dakika," kaka yake ajibu. "Pumzika. Meli hii haitaondoka leo."

Mdogo atii shingo upande, apumzika dakika tatu, kisha ashuka. Kaka ahesabu. Ndani ya upenyo, pezi la mguu lanaswa na mshipi wa mvuvi. Kijana ageuka, akata, atoka. Lakini sekunde kumi na tano zimekwenda, na kazi hiyo imemla oksijeni. Kaka yake, kwa kuona amechelewa kutokea, tayari amevuta pumzi na kushuka kumlaki kati ya njia. Wapanda pamoja, uso kwa uso. Mita 2 kabla ya kufika juu, macho ya mdogo mtu yakodoka, mapovu yamtoka kinywani, na mikono yalegea.

Kaka hana haja ya kufikiri, maana walifanya mazoezi ya jambo hili katika maji ya kiunoni. Mkono mmoja auweka chini ya kidevu kuufunga mdomo usiingie maji, wa pili nyuma ya kichwa, amsukuma mpaka juu. Auweka uso wake nje ya maji, amvua miwani, ampulizia machoni, ampiga kofi jepesi shavuni, amwita kwa jina: "Pumua! Pumua!" Sekunde chache zapita, ndefu kuliko mwaka. Kisha kijana avuta pumzi kwa kishindo. Neno lake la kwanza ni kuuliza kama amekwisha kufika juu.

Katika mfano huo kilichomwokoa kijana si kifua chake kipana wala ujasiri wake. Ni mtu aliyekuwa akimtazama na aliyejua wakati wa kushuka. Kama kaka yake angalikuwa naye ameshuka kutazama samaki wake, nyumba moja ingalikuwa na matanga. Hivyo kanuni ni kwamba mmoja huzama na mwingine hulinda, hawashuki pamoja. Na mlinzi asiondoe macho mpaka zipite sekunde 30 tangu mwenzake atokeze na kumpa ishara kwamba yu mzima. Mapumziko ya juu yasipungue mara mbili ya muda wa mbizi, na yakizidi ni bora. Aliyezimia, hata akiamka akicheka, hazamii tena siku hiyo. Na kama amemeza maji kwa njia ya hewa, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Ikiwa hakuvuta pumzi baada ya kuitwa na kupulizwa, apuliziwe hewa mdomoni pale pale majini huku akivutwa pwani. Akifikishwa nchi kavu naye hapumui, alazwe chali, aendelee kupuliziwa, na kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma, mpaka apumue au msaada ufike.

MAMBO YA KUANGALIWA NYUMBANI

Si kila nyumba itakayompeleka mtu Bali. Lakini kila nyumba iliyo karibu na ziwa, mto au bwawa ina watoto wanaoshindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Mashindano hayo yana hatari ile ile iliyoelezwa hapa. Mzazi awakataze kuhema haraka kabla ya kuzama, na asiruhusu mchezo huo bila mtu mzima anayetazama kila kichwa. Maji ya mita moja na nusu yatosha kumwua aliyezimia.

Mwenye mafua asizamie, kwa kuwa masikio hayatafunguka. Anayeshuka hubana pua na kusukuma hewa taratibu masikioni tangu mita ya kwanza. Maumivu yakianza, arudi juu, asilazimishe. Aliyekunywa pombe au aliyekesha lindoni apumzike kwanza. Anayevaa mkanda wa vipande vya risasi apime uzito wake ili, akiwa juu na hata akitoa pumzi, aelee. Na bizimu ya mkanda ifunguke kwa mkono mmoja.

Aliyechanjwa na chuma chenye kutu aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati aulize habari za chanjo ya pepopunda. Aliyechomwa na samaki mwenye miiba ya sumu, kama yule afananaye na jiwe, atumbukize mguu au mkono wake katika maji ya moto kadiri awezavyo kustahimili bila kuungua, joto la nyuzi 45 hivi, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji hayo yajaribiwe kwanza na mkono mzima wa mwuguzi, maana mwenye maumivu hawezi kupima joto. Baadaye apelekwe kwa mganga.

Mwisho, anayetaka kujifunza mchezo huu atafute mwalimu. Mafunzo ya kwanza huchukua siku chache, na mwanafunzi hufundishwa kushuka kwa kamba iliyonyooka, mahali pasipo na chuma juu ya kichwa, na hufundishwa kumwokoa mwenzake kabla ya kuruhusiwa kwenda kina cha mita 20. Meli huja baadaye. Jeshini pia, kuruta hapewi doria ya usiku kabla ya kujua gwaride.

Liberty iliondoka Australia ikiwa na injini, nahodha na shehena, ikaishia Tulamben kwa sababu maji yalikuwa yakiingia upesi kuliko safari iliyobaki. Mzamiaji naye ni chombo kidogo chenye shehena ya pumzi moja. Akirudi hali nusu ya akiba yake ingalimo, amesafiri vizuri.